Ng'ombe wa Wiebe Wapanda Kilimani

Wiebe Hoekstra aliiamini nguzo ya zizi lake kuliko redio. Baba yake aliichonga alama kwa kila mafuriko, na katika miaka sitini hakuna alama iliyopita goti la ng'ombe. Kwa hiyo siku ya pili ya mvua ya Novemba, mto ukiwa umevimba nyuma ya tuta la kuzuia maji, yeye aliendelea kuosha mashine za kukamulia kana kwamba hakuna jambo.

Femke, bintiye, alisimama mlangoni. Mvua haikumtisha, alizaliwa nayo. Kilichomtisha ni joto. Jana pumzi yake ilitoka kama moshi, leo alikuwa amefungua vifungo vya koti. Na mlima, uliokuwa mweupe hadi kiunoni, sasa ulikuwa mweusi karibu wote.

"Baba, theluji inayeyuka."

"Kwani mimi sina macho?"

"Alama za babu ni za mvua peke yake. Leo vyote viwili vinashuka pamoja."

"Chuoni umekaa miaka minne, mama. Mimi na mto huu tuna miaka sitini."

Femke alijua kisa kilichomfanya baba asiiamini redio. Miaka mitatu nyuma, redio ilipoonya, baba aliwahamisha ng'ombe wote. Maji hayakuja. Ng'ombe wawili waliharibu mimba kwa misukosuko ya safari, na dukani kwa wauza pumba watu wakambandika jina la Nuhu.

Katika bonde lile, mwenye ng'ombe ndiye hupiga simu ya kuomba matrela ya kuwabeba, mwingine hathubutu. Femke alikwenda nyuma ya ghala la majani, akampigia Aleida, jirani wa kilimani aliyezoea kumwita shangazi.

"Shangazi, njooni mtuchukulie ng'ombe."

"Baba yako amesema?"

"Hapana."

Aleida akashusha pumzi. "Haya, tunakuja. Atakufokea, lakini kufokewa hakuui."

Haikupita saa moja, matrela manne yakaingia uani. Wiebe akatoka, mikono inachuruzika maji.

"Nani kawaita?"

Madereva wakaanza kukagua viatu vyao.

"Mimi, Baba," Femke akasema, kwa sauti ndogo kuliko alivyokusudia.

Wiebe alimtazama mpaka akatamani ardhi impasukie. Aleida akashuka, kofia imemlowa chapachapa.

"Ukitaka kumgombeza, mgombeze kesho. Sasa hivi fungua lango."

"Ili mpate kuniita Nuhu tena?"

"Nuhu alipona, Wiebe. Waliomcheka ndio waliokunywa maji."

Dereva mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Wiebe akageuka akautazama mlima; hakuna weupe uliobaki. Akafungua lango.

Trela la mwisho lilivuka barabara maji yakilamba magurudumu. Kabla jua halijazama tuta likakatika, na kutoka dirishani kwa Aleida likabaki kuonekana paa tu la zizi. Aleida alimmiminia Wiebe kahawa. Ikapoa mkononi mwake.

Lakini ng'ombe waligoma kukamuliwa. Zizi geni, harufu ngeni. Viwele vimejaa tele na hawatoi hata tone, wanalia tu. Wiebe alisimama kizingitini, kofia mkononi, kama mgeni asiyekaribishwa. Femke hakuthubutu kumsogelea.

Kilio kikazidi. Wiebe akaweka kofia chini, akapita katikati yao.

"Huyu hataki mikono ya baridi," alimwambia Aleida. "Na huyu mpaka umwimbie."

"Mwimbie mwenyewe. Sauti yangu itamkausha."

Akaimba, kwa chini, wimbo wa kanisani alioukosea maneno. Maziwa yakaanza kutiririka. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, ameshika kitambaa cha kupangusia viwele.

"Femke. Nenda kwa yule wa pembeni. Ni mwoga, wewe anakuzoea upesi."

Femke akakipokea, akaenda kupiga magoti kando ya ng'ombe.