Mtani Hasemi Tafadhali

Lori lilikuwa limekwisha kuipa Kumasi kisogo. Ayinpoka aliketi kando ya dereva, amelipakata sanduku la kutotolea mayai kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na mayai ya kanga, wale ndege wa marehemu mama yake. Ndege wenyewe waliisha wote kwa ugonjwa wa kideri wakati wa mvua. Mayai haya yakipoa, mbegu ya mama imekwisha, na kurudi Bolgatanga kufuga hakuna maana tena.

Kabla ya safari, Ayinpoka alipokuwa akiagana na majirani, dereva Dery alizichomoa waya za sanduku ukutani akazifunga kwenye betri ya lori. Umeme ni umeme, alisema. Dery ni Mdagaaba, Ayinpoka ni Mfrafra, na makabila hayo ni watani tangu zama za mababu: hugombea kichwa cha mbwa wa kitoweo, hutukanana hata msibani, na kununa ni mwiko.

Walipopita Techiman, Ayinpoka aliingiza mkono sandukuni.

"Dery, simamisha. Sanduku linapoa."

"Umeshanusa mbwa porini, Mfrafra? Hashuki mtu."

"Mayai yanapoa, mla vichwa wee!"

"Yapulizie. Mdomo wako una moto wa kutosha."

Dery alicheka mpaka usukani ukayumba. Kadiri Ayinpoka alivyofoka ndivyo mwenzake alivyonogewa. Karibu na Kintampo kipimajoto cha sanduku kilishuka tena. Ayinpoka akaacha kufoka, akasema taratibu, "Dery, mwana wa mama yangu, tafadhali."

Breki zikalia. Mtani hasemi tafadhali.

Kule Kumasi Ayinpoka alikuwa fundi wa pasi na majiko ya umeme, kwa hiyo mita ya kupimia umeme ilikuwa mkobani. Akapima.

"Volti kumi na mbili. Ampea sifuri nukta mbili. Gawanya: koili, huu waya wa joto, ina ukinzani wa omu sitini. Sasa zidisha: wati mbili na kidogo. Hizo hazipashi hata kijiko cha uji."

"Basi betri yangu ni mbovu?"

"Betri ni nzima. Koili ni ya ukutani. Kule hupata moto wa kuzidi, swichi ya joto huizima kila mara; sanduku lenyewe hushiba kwa wati thelathini na kitu. Ampea tatu, basi. Kumi na mbili gawa kwa tatu, omu nne." Akatoa plaizi. "Nabakiza sehemu moja katika kumi na tano."

"Unaikata? Koili ndefu ndiyo moto mwingi, hata mbuzi anajua!"

"Muulize huyo mbuzi. Njia ndefu inaubana umeme. Wa ukutani una volti mia mbili na arobaini, unapenya. Huu wako mnyonge, ufupishie njia."

Akaipima koili kwa shibiri, akakata, akafunga upya. Mita ikasema tatu. Dery alisogeza kiganja kwenye koili, akakirudisha upesi.

"Aa!" Akapuliza vidole. "Kumbe kifupi kina hasira, kama wewe."

Ayinpoka akacheka, machozi yanamtoka. Kipimajoto kilianza kupanda kabla hawajaliacha soko la Kintampo.

Mayai mengine yaliharibika. Mengi yalianguliwa Bolgatanga. Ayinpoka anafuga kanga na bado anatengeneza majiko. Dery alipokwenda kuposa alichukua kwa Ayinpoka kanga wa kupeleka ukweni. Alikubaliwa, ana watoto. Husimulia kwamba aliyeikata koili ni yeye. Lile lori liliuzwa.