Jiwe Lenye Kazi Tatu

Mwaka wa tatu tangu amani itiwe saini, Kiden alikata shauri kulima shamba la marehemu baba yake, ng'ambo ya kitongoji cha Bilpam. Mimi ndiye niliyemuuzia mbegu za karanga dukani kwangu mtaa wa Malakia, nikamsindikiza, maana mtu mkaidi namna ile haachwi peke yake. Mama yake alikuja pia, lakini akakaa barabarani, nje ya mawe yaliyopakwa rangi nyeupe kuonyesha kwamba mabomu yameshaondolewa. Rangi hiyo haikumtoa hofu. Mumewe aliuawa na bomu la ardhini shambani humo wakati wa vita.

"Jembe yako ikigonga chuma mara moja tu," alimwambia binti yake, "tunarudi kambi ya Adjumani. Mimi siziki mtu wa pili hapa."

Kiden akakubali. Miaka yote ya ukimbizini Uganda alikuwa akiliota shamba hilo, na sasa mvua ilikuwa imeanza.

Hakumaliza hata tuta moja. Jembe likalia: ti!

Nilipiga mayowe nikatimua mbio hadi barabarani, na wala sikuona haya. Kiden aliganda, jembe bado udongoni, machozi yakimtiririka. Mama yake akajifunika uso kwa leso.

"Kalas," alisema. "Imekwisha. Tunaenda."

Kwa bahati Kiprono, Mkenya mtegua mabomu, alikuwa kazini shamba la jirani; aliyasikia mayowe yangu, akaja.

"Dada, rudi polepole, ukanyage nyayo zako mwenyewe," alimwambia Kiden. Kisha akaingia yeye, akapitisha mashine yake ya kutafuta vyuma. Haikulia. Akalala kifudifudi, akafukua kwa mwiko mdogo, taratibu mno, roho zetu zikiwa mkononi.

Mara akacheka. Alitoka ameshika jiwe la gumegume, ukubwa wa kiganja.

"Mama, hiki si chuma. Hili lilichongwa na watu wa kale sana, kabla chuma hakijajulikana."

Ubavu mmoja ulikuwa mkali wa kukatia, wa pili una meno, na mbele kuna ncha ya kutobolea ngozi. Mama akaliomba. Alipolishika, kidole gumba chake kikaingia kwenye kibonyeo, likatulia mkononi kama kisu chake cha jikoni. Aliligeuzageuza kwa muda mrefu.

"Mimi nilifikiri ndani ya udongo hii iko vita tu," alisema. "Kumbe kuna mtu alikaa hapa, akachuna nyama yake, akashona ngozi yake."

Akalivuta gunia la mbegu tuliloliacha barabarani, akakereza kamba kwa yale meno mpaka ikakatika. Akajaza karanga kwenye leso, akayavuka mawe meupe, akaanza kufukia mbegu nyuma ya jembe la binti yake. Kiden alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Immaculate," mama aliniita bila kugeuka, "na wewe utapanda karanga huko barabarani?"