Msalaba wa Mkaa

Mwanga wa simu uliingia ndani ya yai, na yai likawaka jekundu. Nje kulikuwa mchana mweupe. Navalayo alikuwa amefunga mlango wa jikoni, akaziba dirisha kwa gunia, ili akione vizuri kitakachomuumiza.

Siku ya saba ya kulaliwa. Chembe moja huwa mbili, mbili huwa nne. Alifundishwa hivyo kwenye kozi ya kuku kule Sigalagala. Siku ya pili ikielekea kwisha, moyo huanza kupiga, na kifaranga hana hata mdomo. Ndani ya yai hili mishipa ilikuwa imetanda, na katikati yake kidoa kiliruka, kikatulia, kikaruka. Juu ya ganda palikuwa na msalaba wa mkaa. Lilikuwa yai la Maximilla, na matano yake mengine yalikuwa hivyo hivyo.

Kuku anayelalia ni wa Navalayo, mayai ni ya wawili: sita yake, bila alama, sita ya Maximilla, mke wa shemeji yake, yenye msalaba. Akamulika yake. Jeupe. La pili, jeupe. Mpaka la sita, jeupe, jeupe, mwanga mtupu.

Alijua kwa nini, na kujua kukamchoma zaidi. Maximilla alipojifungua, watu walikuja kumwona mtoto, na mgeni hapa Musanda halishwi mboga. Jogoo aliyechinjwa alikuwa wa Navalayo, wa pekee, na mitetea yake ikabaki bila dume. Alimtoa mwenyewe, akampika mwenyewe, akasonga ugali, obusuma, akacheka na wageni. Miaka minne ameolewa na hajawahi kubeba mimba. Sasa hata kuku wake. Ulikuwa wivu, na hakuutafutia jina lingine.

Akalichukua tena lile yai la kwanza, akalamba kidole gumba, akasugua. Msalaba ukafutika.

"Navalayo?" Maximilla aliita nyuma ya mlango, mtoto akiguna mgongoni. "Hiyo kuku yako hulalianga vizuri. Yangu ngapi iko na kitu?"

Yai lilikuwa bado mkononi, lina joto.

"Yako tano," akasema. "Na yangu moja."

"Hata moja ni baraka, dada." Alifurahi kweli, na hilo ndilo lililouma.

Navalayo akaokota mkaa, akachora msalaba juu ya moja kati ya mayai yake matupu. Akayarudisha yote chini ya kuku. Alipotaka kuzima simu, kiganja kikafunika taa, na nyama yake ikawaka nyekundu, kidole kwa kidole, hai. Ila gumba. Pale penye mkaa mwanga haukupita.