Taka Zilizoogeshwa

Siku ya uzinduzi, taka za mji mzima ziliogeshwa kwa sabuni. Aliyetoa amri hiyo ni Bwana Unadhifu, kaimu mkuu wa kiwanda, mtu ambaye hata kalamu zake huzipangusa vumbi. Meya alikuwa anakuja kushuhudia takataka zikigeuka mafuta, na pua ya meya, walisema wanaoijua, haina mzaha. Basi wafanyakazi wakasugua, wakasuuza, wakamalizia na marashi. Rundo likanukia kama bibi harusi.

Bwana Unadhifu alikuwa kaimu tangu kitinda mimba wake anatambaa, na sasa mtoto anabeba begi la shule. Asubuhi mkewe alimwambia, "Baba watoto, leo urudi na cheo kamili. Nimechoka kuwa mke wa kaimu." Ndiyo maana ya sabuni yote ile.

Kiwanda chenyewe hakina uchawi. Taka hufungiwa kwenye tanuri lisiloingiza hewa, zikapikwa hadi zitoe mvuke, mvuke ukapozwa mabombani ukawa mafuta. Sharti ziingie kavu tu. Jambo hilo Bwana Unadhifu alilifundisha mwenyewe semina nzima, kwa picha za rangi, lakini asubuhi hiyo halikumjia kichwani hata kwa bahati mbaya.

Meya akiwa katikati ya hotuba, fundi wa tanuri alimvuta kando Bwana Unadhifu.

"Bosi, bombani yanatoka maji. Tena yana povu."

"Na mafuta?"

"Labda zikikauka. Wiki ijayo hivi."

Kaimu akanyakua dumu na kipande cha mpira wa maji, akazunguka nyuma ya jengo lilikoegeshwa gari la meya. Dereva alikuwa mbele huko, anapiga makofi. Bwana Unadhifu akapiga magoti na suti yake, akauingiza mpira kwenye tangi la gari, akafyonza, akameza funda zima, na dizeli ikaanza kutiririka.

"Mafuta ya taka zetu!" alitangaza aliporejea na dumu, machozi yakimlengalenga. Watu wakasema huo ndio uzalendo.

Meya akaamuru yatiwe kwenye gari lake palepale. Gari likawaka mara moja.

"Mmeona? Limeyapokea kama limeyazoea!" Meya akamkumbatia kaimu, akanusa, akafurahi zaidi. "Huyu hata pumzi yake inanuka kazi! Kuanzia leo ndiye mkuu kamili."

Bwana Unadhifu akampigia mkewe simu hapohapo. Vigelegele vya mama watoto vilikuwa havijaisha sikioni meya alipokishika tena kipaza sauti.

"Na kuanzia Jumatatu, manispaa hainunui tena dizeli. Magari yetu yote yatajaza hapa, kwa mkuu wetu mpya!"

"Baba watoto," mkewe aliita, "unanisikia?"

Bwana Unadhifu alikuwa anayatazama magari ya manispaa yaliyojipanga uwanjani. Mpira ulikuwa bado mfukoni mwake, na dizeli iliyokuwa ndani ya magari yale ndiyo ya mwisho kununuliwa.