Dang'a ya Yinhua

Luo Qiuping hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi. Alichuchumaa mbele ya kizimba huku mvua ikipiga bati, macho yote kwa Yinhua, dubu panda aliyemlea tangu akiwa mdogo. Yinhua alikaa kitako ukutani, kamkumbatia mwanawe kifuani, na kila Qiuping alipojisogeza, alinguruma.

Yinhua alikuwa amejifungua pacha juzi. Alimwokota kurwa, akamwacha doto sakafuni, kama wafanyavyo panda wengi, maana kulea wawili hawawezi. Qiuping ndiye aliyemwokota huyo wa pili, mwekundu, hana manyoya, mdogo kuliko kiganja, akakimbia naye hadi kwenye mashine ya joto. Tangu hapo doto alikuwa akinyweshwa maziwa ya kopo, na maziwa ya kopo hayakumkubali. Tumbo lilivimba. Jana alikuwa akilia kwa sauti inayojaza chumba. Leo alipumua tu.

Mtafiti wao, Shen Yaoting, msichana mwenye umri wa binti yake, alikuwa amemweleza jambo lililozidi kumnyima raha. Panda huzaliwa mbichi kabisa, karibu kila kitu mwilini bado hakijakamilika. Katika dang'a, yale maziwa ya kwanza ya rangi ya kijani, mna kinga, na mna pia vipande vidogo mno vya RNA, molekuli zinazobeba maagizo ya seli, vilivyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta. Wataalamu wanadhani vipande hivyo hupenya tumbo la mtoto na kuziambia seli zake ipi ianze kazi na ipi ingoje.

"Na kwenye kopo havimo?" Qiuping aliuliza.

"Kama vile havimo, dada Luo. Na hata kwa mama havikai. Maziwa yakishageuka meupe, vingi vimepungua."

Ndiyo maana Qiuping alikuwa amejaribu tangu alfajiri kumkamua Yinhua. Siku nyingine panda huyo hutoa mkono mwenyewe kwenye nondo achomwe sindano, ilmradi apewe kipande cha tufaha. Leo hata tufaha hakulitazama.

Mkuu wao, mzee Deng, alikuja akasimama nyuma yake. Alisema imebaki njia moja: wambadilishie watoto, doto anyonye mwenyewe. Qiuping alimkumbusha kwamba mtoto asiyelia, mama anaweza asimtambue, anaweza kumkalia.

"Najua," alisema mzee Deng. "Na tukingoja?"

Qiuping aliinuka. Alikwenda kumchukua doto, akampangusa kwa pamba yenye mkojo wa Yinhua ili asinuke mikono ya watu. Yaoting alileta bakuli la maji ya asali, akaliweka kando ya nondo. Harufu ya asali ilimshinda Yinhua. Alisogea, akainamisha kichwa akanywa, mkono mmoja ukalegea. Qiuping akapenyeza mkono, akamtoa kurwa, akamweka doto mahali pale pale, akauvuta mkono wake nje.

Yinhua alimaliza asali, akatazama chini. Doto alikuwa ameteleza hadi sakafuni, kimya. Mama akamnusa, kisha akageuza uso kutafuta sauti aliyoizoea.

"Lia, mwanangu," Qiuping alinong'ona. "Lia hata kidogo."

Yinhua aliinuka nusu, tayari kubadilisha mkao, na uzito wake wote ukaning'inia juu ya kile kiumbe. Qiuping hakungoja kuambiwa. Alipitisha mkono kati ya nondo hadi begani, akamtekenya doto nyayo. Alimsikia mzee Deng akimwita kwa jina lake kamili. Akatekenya tena. Doto akatoa mlio mwembamba, uliokatika kabla haujakwisha.

Yinhua alishuka na meno wazi. Qiuping alivuta mkono, nondo zikamchubua kiwiko, naye akafumba macho. Alipoyafumbua, doto alikuwa mdomoni mwa mama yake, miguu ikining'inia nje, akiinuliwa taratibu mpaka kifuani. Kisha wakasikia kunyonya: kunadhoofika, kunakoma, kunaanza tena.

Yaoting alikuwa ameshika chupa yake ya sampuli, tupu. Mzee Deng alimuuliza kama angependa wajaribu kukamua sasa. Yaoting alitikisa kichwa.

"Hayatoshi yeye na chupa," alisema. "Mwache anywe."

Doto alinyonya mpaka akatosheka, na jioni tumbo lake likalainika. Baada ya wiki alikuwa na sauti ya kuwatoa watu mezani. Yaoting alipata maziwa yake hatimaye, yakiwa yamekwisha kuwa meupe, akakiri kwamba hajui ni kipi hasa kilichomponya: vile vipande, kinga, au joto la mama.

Lakini siku ile hakuna aliyeyajua hayo. Qiuping alikuwa bado anafungwa kiwiko alipomsikia kurwa akianza kulia ndani ya mashine ya joto, akidai chake. Ilibidi wabadilishe tena kabla Yinhua hajashtuka. Alikwenda kukoroga asali.