Mkunga Mmoja, Zahanati Tano

Mkuu wa kitengo chetu cha takwimu tulimwita Pasi, kwa sababu hata soksi zake zilinyooshwa. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuvumilia neno lililojirudia. Akiona "Kanda ya Tatu" mara tano kwenye safu moja ya jedwali, alikunja uso ungedhani amelamba shubiri.

"Shikamoo, mkuu," nilimwambia mchana ule, nikimkabidhi jedwali la watumishi wa zahanati.

"Marahaba. Huyu kasuku ni nani?" Alipigapiga karatasi kwa kidole. "Kanda ya Tatu, Kanda ya Tatu, Kanda ya Tatu! Wakubwa ni watu wazima, ukiwaambia mara moja wanaelewa. Unganisha visanduku, neno likae katikati, moja tu."

Hapo alikuwa na haki, nakiri. Jina la kanda likiunganishwa, jedwali linasomeka vizuri. Nikaunganisha, nikarudi. Kidole chake kikateremka kwenye safu ya mwisho, ya wakunga.

"Na hizi moja, moja, moja, moja, moja?"

"Hizo ni idadi, mkuu. Kila zahanati ina mkunga wake. Tukiziunganisha, wote watano wataonekana mtu mmoja."

"Kilichojirudia kimejirudia tu. Au una takwimu zako, na mimi nina zangu?"

Mmoja wa wakunga hao ni dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Ningeweza kukataa. Lakini taarifa ilitakiwa saa tisa, na mimi, nisiwafiche, ni mwoga. Kompyuta yenyewe ilinionya kwamba itabakiza tarakimu ya kisanduku cha juu tu na kufuta zilizobaki. Nikabonyeza "Sawa". Kompyuta ilikuwa na akili kutuzidi sote wawili.

Wiki tatu baadaye Pasi alipokea kutoka kwa wakubwa barua ya pongezi kwa jedwali safi kuliko yote. Aliibandika ukutani. Barua ya pili haikubandikwa. Ilisema kwamba, kwa kuwa Kanda ya Tatu imedhihirisha mkunga mmoja anamudu zahanati tano, wanne waliozidi wahamishwe, abaki mwenye uzoefu mkubwa.

Nilimwendea mbio. "Mkuu, tuwaandikie kwamba tumekosea."

"Tumekosea na nani? Jedwali limesainiwa." Akainyoosha tai yake. "Huko zahanati watajirekebisha walingane nalo."

Aliyebaki alikuwa dada. Nilikaa siku kumi bila kumpigia simu, kila siku na kisingizio chake. Akanipigia yeye, nikiwa mezani kwangu, sauti imemkauka. Alikuwa zahanati ya pili akizalisha, na zahanati ya nne mama mwingine akajifungua sakafuni, peke yake. Mtoto ni mzima. Mama amepoteza damu nyingi, wamemkimbiza hospitali, hali yake bado haijulikani.

"Mdogo wangu, wewe si uko hukohuko kwenye takwimu? Hebu niulizie, ni mpumbavu gani aliyetuhesabu hivi?"

Ningeweza kumtaja Pasi, na nisingekuwa mwongo. Ila kidole kilichobonyeza ni hiki changu.

"Ni mimi, dada."

Kwa mbali nikasikia mtu akimwita kwa kelele.

"Nitakukasirikia baadaye," alisema. "Sasa hivi kuna mama anasukuma."

Akakata simu.