Kisanduku cha Marehemu

Hebu niambie, mtu akifa anabaki kuwa mteja? Evarista alikuwa akimuuliza shemeji yake swali hilo tangu mwezi wa tatu. Sasa mwezi wa sita huu, na jibu ni lile lile: "Nalishughulikia, shemeji."

Elimringi, mdogo wa mumewe, ndiye aliyeleta programu ya kutunza wateja katika duka lao la mapazia hapo Kariakoo. Sifa zake zilimjaa mdomoni: ni programu huria, hailipiwi, inakaa kwenye kompyuta yetu wenyewe, hapa hapa chini ya kaunta, na kubwa kuliko yote, inarekebishika, ukitaka kitu unaongeza. Ukitaka! Evarista alitaka kitu kimoja tu. Mzee Kitwana, mwenye duka huko Lindi na mteja wao kwa miaka kumi, alikuwa amefariki, na programu haikuwa na mahali pa kuandika hivyo.

"Si umfute tu?"

"Nikimfuta, na manunuzi yake yote yanafutika. Subiri, nitaongeza kisanduku cha marehemu, unatia alama tu."

Subiri! Subira huvuta heri, lakini hii ya Elimringi ilikuwa inavuta balaa.

Balaa likafika Jumanne asubuhi. Mteja akimaliza siku tisini bila kununua, programu humtumia ujumbe yenyewe, haimuulizi mtu. Evarista akausoma kwenye skrini: "Mpendwa Mzee Kitwana, mbona kimya? Tumekukumbuka! Njoo, tunakusubiri."

"Elimringi! Umemwalika maiti!"

"Siyo mimi, ni mashine, shemeji."

"Na mashine ilijileta yenyewe hapa?"

Simu ya marehemu sasa alikuwa nayo mjane wake, Bi Anifa, ambaye bado alikuwa amekaa eda. Akitoka eda, duka la Lindi angeliendesha yeye, na Evarista hakuwa tayari kumpoteza mama yule. Akapiga simu.

"Shikamoo, Bi Anifa. Samahani sana, mama, ule ujumbe ni mashine tu. Huyu shemeji yangu nimemsema mpaka nimechoka!"

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya upole. "Kwa hiyo msiba mliusikia?"

"Tuliusikia, mama. Tangu wiki ile ile."



"Mashine nimeisamehe, haikujua. Wewe umejua miezi mitatu, mwanangu, na hukunipigia hata kuniambia pole."

 Kila asubuhi Evarista alikuwa akimsema Elimringi kwa uzembe. Nyani haoni kundule, jamani. Simu ya pole ingemchukua dakika mbili.

"Tayari, shemeji," Elimringi akanong'ona, akimgeuzia skrini. Kisanduku hicho hapo, kimeshatiwa alama. "Dakika tano tu, wala haikuwa kazi."

Evarista hakumgombeza.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana."

Simu ilikuwa imeshakatwa.